Nilivyonenepa Nyamityobora

Sijawahi kunenepa maishani mwangu isipokuwa mwaka mmoja tu, na kila nikiukumbuka ule mwili wangu wa wakati huo naona haya. Ninayo picha tuliyopigwa mbele ya shule kule Kakoba: walimu tumejipanga mstari, mimi niko pembeni kama kawaida yangu, shati limenibana kifuani na mashavu yamejaa. Watoto wangu huicheka sana. Wanasema, baba, siku hizo ulikuwa tajiri. Mimi huwaambia kwamba Mbarara ni mji wa maziwa, mtu akikaa huko lazima anone, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Mwezi uliopita Shamimu, mwanafunzi wangu wa mwaka ule, alinipigia simu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa langu hapa kambini Nakivale nikisubiri mvua ipungue, akaniambia kwamba Kaaka, bibi yake, amefariki, wameshamzika, na kwamba kisomo cha kumwombea kitakuwa Ijumaa. "Lazima uje, mwalimu," akasema. "Wewe ni mtu wa nyumba." Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu niligundua kwamba kitu cha kwanza kilichonijia moyoni, kabla hata ya huzuni, kilikuwa ahueni, kama mshtakiwa aliyesikia kwamba mlalamikaji hayupo tena. Nilijichukia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka wenyewe ni 2001. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, na nilikuwa nafundisha watoto wa Wakongo wenzangu chini ya turubai la kanisa, bila mshahara, kwa kuwa ualimu ndiyo kazi pekee niliyoijua na kulima nilikuwa nalima vibaya. Siku moja mwenye shule fulani ya binafsi ya Mbarara alikuja kambini kununua maharage. Alisimama nje ya turubai akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kile Kiswahili ni cha wapi. Nikamwambia ni cha kwetu. Akasema cha kwetu au cha kwao si neno, mradi kieleweke. Wazazi wa shule yake ni wafanyabiashara, wanakwenda Kigali, Nairobi na Bujumbura, na wanataka watoto wao wakijue. Wiki iliyofuata nilikuwa Kakoba, nimevaa viatu vya kuazima, mwalimu mgeni katika chumba cha walimu kilichojaa Wanyankore na Waganda. Walinipokea vizuri kwa utani wao. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa pamoja na kile wanachokiita eskoti, yaani andazi au kipande cha muhogo cha kusindikiza chai, na mwalimu wa hesabu alikuwa akinipa eskoti yangu kwa kupiga saluti. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, ya polisi na ya wezi wa barabarani. Kwangu kilikuwa lugha ya mama yangu akinisugua mgongo. Nilidhani tofauti hiyo ni jambo la kuchekesha tu, nami nikairudisha saluti.

Shule haikuwa na nyumba za walimu. Nilipewa makazi kwa mzazi mmoja, Hajji Abasi wa Nyamityobora, muuza vitambaa, ambaye binti yake Shamimu alikuwa darasani kwangu. Alinipa chumba cha uani na chakula, nami nikamfundisha Shamimu jioni pamoja na watoto wa jirani. Kile chumba kilikuwa pia stoo yake. Nililala kwenye kitanda cha chuma katikati ya majora ya vitenge yaliyopangwa hadi darini, na harufu ya nguo mpya, ile inayokwaruza pua kidogo, mpaka leo nikiipata sokoni naikumbuka furaha ya wiki zile za kwanza. Nilikuwa nimetoka kulala juu ya mkeka miaka mitano. Asubuhi niliamshwa na kelele za kijiko kikikoroga uji, na mazungumzo ya jikoni yalinijia kupitia dirisha la waya: Hajati Mariamu, mke wa Hajji, akiwagombeza watu wote kwa zamu, na sauti nyingine, ya kizee na ya kucheka, ikimjibu. Kinyankore nilikuwa sikijui. Lakini mtu anajua anaposemwa, na nilijua kwamba yule wa sauti ya kizee alikuwa ananisema mimi na kunicheka.

Huyo ndiye Kaaka, mama yake Hajji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko akipepeta ulezi. Kiswahili hakuwa nacho, mimi Kinyankore sikuwa nacho, kwa hiyo urafiki wetu wote ulikuwa wa chakula. Alipoona mara ya kwanza ninavyokula karo, ule ugali wao wa ulezi, nikiutafuna badala ya kuumeza na mchuzi, alijishika mbavu akaita nyumba nzima ije kutazama. Tangu hapo aliniita mushomesa, mwalimu, na kunikatia tonge mwenyewe ili anioneshe. Nikitoka shule alinisubiri na kikombe cha bushera ya baridi, togwa yao ya ulezi. Nakieleza kipindi hiki kwa makusudi, maana kilikuwepo, na mtu akisikia yaliyofuata anaweza kudhani kwamba tulianza vibaya. Hatukuanza vibaya. Yule mama alinipenda kwa miezi miwili hivi, na mimi ndiye niliyeyaharibu.

Nilikuwa nawafundisha watoto kwa njia niliyofundishwa nayo mimi Kifaransa. Mwalimu wetu kule nyumbani alianza na amri: debout, assis, viens ici, tukasimama na kukaa na kwenda mbele huku tukicheka, na maneno yakaingia mwilini kabla hayajaingia kichwani. Ni njia nzuri. Hata sasa nasema ni njia nzuri. Basi nikaibadili kuwa Kiswahili: simama, kaa chini, njoo hapa, toka nje, nyamaza, inua mikono, fungua mlango, lete maji. Shamimu aliyashika yote siku moja. Alikuwa na sauti nyembamba, lakini akisimama mbele ya wenzake sauti ilipata mgongo, na mimi nilijivunia sana. Kilichonishinda kukielewa baadaye, nikiwa nimelala katikati ya yale majora, ni kwamba haikunijia hata mara moja kujiuliza ni nani mwingine aliyewahi kutumia maneno yale, kwa mpangilio ule, katika mji ule. Mwingine angeweza kusema hakujua. Mimi nilitoka kwetu mwaka wa tisini na sita, na nilitoka kwa miguu, kwa barabara yenye vizuizi. Kati ya walimu wote wa Mbarara, mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Ilikuwa alasiri. Niliporudi kutoka shule niliwakuta watoto uani wanacheza shule, Shamimu ameshika kijiti, wenzake wamejipanga mbele yake. Kaaka alikuwa kwenye kibaraza cha jiko na ungo wake. Nilisimama getini nisikilize mazao ya kazi yangu. "Toka nje!" Shamimu akaamuru. "Kaa chini! Inua mikono!" Watoto wakakaa. Na Kaaka akauweka ungo pembeni, akashuka kutoka kibarazani, akaja mpaka katikati ya uwanja, akakaa mavumbini, miguu ameinyoosha mbele, akainua mikono yote miwili. Watoto walipasuka kwa kicheko. Mimi nikacheka nao. Sikucheka kidogo, nilicheka nikapiga makofi, nikasema kwa sauti, "Muzuri sana, Kaaka! Amewashinda wote!" Nikawaambia watoto wampigie makofi, wakapiga. Kisha nikaingia chumbani kwangu kubadili shati.

Nilipotoka, mchezo ulikuwa umeisha na watoto wa jirani wameondoka. Kuku walikuwa wanadonoa ulezi uliomwagika kibarazani. Kaaka alikuwa bado amekaa pale pale. Mikono ilikuwa juu, inatetemeka kwa kuchoka, na Shamimu alikuwa amepiga magoti mbele yake akimbembeleza kwa Kinyankore huku analia. Nilimwita Kaaka kwa jina, hakugeuka. Wakati huo Hajati aliingia kutoka dukani. Aliutazama uwanja mara moja tu, mkoba ukamdondoka.

"Nani alisema hii maneno?" akauliza.

Shamimu akanionesha kwa kidole.

"Mwalimu, wewe ndiyo ulifundisha hii?"

"Ni masomo tu, mama. Tunaanzaka nayo."

"Banange! Sasa mwambie asimame. Sisi yeye hapana sikia. Yeye anangoja ile Kiswahili."

Nilipiga magoti kando yake. Nikasema, polepole, kwa Kiswahili changu kitamu kuliko vyote, "Simama, mama. Tafadhali, mama. Ni mimi mwalimu. Pole sana, simama." Alitazama mbele. Sidhani hata alisikia kwamba ni lugha ile ile. Katika lugha ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia tafadhali.

"Hapana hivyo," Hajati akasema, naye sasa machozi yanamtoka. "Sema kama askari. Sema na nguvu, hii kitu iishe."

Nilisimama wima. Ningependa kuandika kwamba sijui sauti ile niliitoa wapi, lakini najua vizuri. Niliitoa kwa mtu mmoja wa kwenye kizuizi cha barabara kule kwetu, aliyetuamuru tukae chini kando ya mfereji, mimi na watu wangu. Miaka mitano nilikuwa nimemhifadhi kifuani bila kujua, mzima mzima, pamoja na ile pumzi yake ya kabla ya neno. "Simama!" nikafoka. "Ingia ndani!" Kaaka aliinuka papo hapo, haraka kuliko umri wake, akasema, "Ndiyo, afande," akaingia ndani. Alikuwa amejikojolea. Hajati alimfuata, na mimi na Shamimu tukabaki uani, hatutazamani.

Jioni ile Hajji alikuja chumbani kwangu akakaa juu ya majora. Alikuwa mtu wa maneno machache na Kiswahili chake kilikuwa cha biashara, cha kununua na kuuza, lakini alijitahidi. "Wakati ya vita ya sabini na tisa, askari walikuja hapa mara mbili," akasema. "Kwanza hawa ya serikali. Halafu wale walifukuza hawa. Wote Kiswahili tu. Wa pili walisema sisi Waislamu tulikuwa watu ya wale wa kwanza. Walisema toka nje, wote tukatoka. Mzee wangu walienda na yeye. Mama alikaa chini hapo hapo, mikono juu, usiku yote, mpaka jua. Sababu hapana mutu alimwambia simama." Alinionesha kwa kidevu uwanja ulio nje ya dirisha langu. Niliinuka nikaanza kukusanya vitu vyangu, na Hajji akanishika mkono. "Usiende, sebo. Ukienda sasa, atasema umeenda kuita wengine. Atangoja kila siku. Kaa. Atakuzoea." Nilikaa. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikaa kwa ajili ya Kaaka. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kile kitanda, na chai ya asubuhi, na kwamba nilifurahi kuambiwa nisiondoke.

Hapo ndipo kunenepa kulipoanza. Kaaka hakunizoea, alinihudumia. Tangu kesho yake alikataa mtu mwingine yeyote anipakulie chakula. Aliniletea sahani yangu kwanza, kabla ya mwanawe, akapiga magoti, akanimiminia maji ya kunawa bila kuinua macho. Nyama nzuri ilikuwa yangu. Samli ilikuwa yangu, na maziwa ya jioni ambayo zamani yalikuwa ya watoto. Kuku akichinjwa, firigisi, ambayo katika nyumba ile hailiwi na mtu isipokuwa baba mwenye nyumba, ilikuja kwangu, juu kabisa ya wali, mahali pa kuonekana. Niliitazama firigisi ile, nikamtazama Hajji. Hajji aliangalia sahani yake. "Kula tu, mwalimu," akasema. "Ukiacha, yeye hatalala." Shamimu alikuwa amekaa upande wa pili wa mkeka na mfupa wake wa shingo. Nikaila. Ilikuwa imepikwa vizuri, na hilo nalo limenibakia, kwamba hata katika aibu ile ulimi uliendelea kuonja.

Nilijaribu kukataa mara moja. Niliirudisha sahani na nyama yote, nikagusa tumbo kuonesha kwamba nimeshiba. Kaaka alisimama pale na sahani mkononi, midomo inamcheza. Nilipotoka chumbani kidogo baadaye nilikuta leso imefungwa fundo kwenye kizingiti cha mlango wangu. Ndani yake kulikuwa na bangili zake mbili za fedha na hereni, vile alivyoolewa navyo. Maana askari akikataa chakula, ni kwamba anataka kitu kingine. Nilimpelekea Hajati ile leso jikoni, naye aliipokea, akageukia sufuria. Sikukataa tena. Kila kilichowekwa mbele yangu nilikimaliza, na nikimaliza niliona mabega yake yanashuka kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa raha pekee niliyoweza kumpa.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mbaya kuliko yote. Nyumba nzima imefunga, hata Shamimu anajaribu, na Kaaka, mwenye njaa na kiu, aliniivishia chakula cha mchana. Nilimwomba Hajati amweleze kwamba mimi Mkristo naweza kungoja jioni nile na wote. Alimweleza. Haikusaidia kitu. Saa saba niliporudi kutoka shuleni nilikuta ndizi zimefunikwa kwa majani yake na mchuzi wa karanga unatoa moshi, na Kaaka amekaa kwenye mkeka nje ya mlango wangu, mgongo umeelekea kwangu, anasubiri sahani irudi tupu. Nilikula peke yangu nikimtazama mgongo, na sauti ya kutafuna kwangu ilijaza kile chumba. Siku hizi nikiwasikia watu wakisema ukarimu wa Mbarara, naitikia, ni kweli, ni watu wakarimu sana. Lakini mimi najua pia ladha ya chakula kisichotolewa kwa ukarimu, na kibaya ni kwamba haina tofauti.

Likizo ya Agosti, kabla ya ule mfungo, nilirudi Nakivale. Jirani yangu Mama Nabintu, mama wa makamo anayetoka upande wa kwetu, aliacha jembe aliponiona nakuja njiani.

"Yesu wangu! Mwalimu, uko unanona!" akasema, akinizunguka kunitazama. "Ile fasi banakupatia nini?"

"Nyama, mama. Maziwa. Kila siku."

"Kila siku? Nani anakupikia?"

"Kuko mama moja muzee, mama ya mwenye nyumba."

"Mungu amubariki. Batu ba muji bako na roho muzuri, sisi tunabasemaka bure." Akaniletea sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na bugali, na samaki mmoja mdogo aliyemtoa sijui wapi, akanikalia mbele mpaka nimalize, jinsi mama wa kwetu wanavyofanya. "Ukirudia, umusalimie ule mama. Umuambie aksanti mingi kwa kukuchunga. Umuambie Mama Nabintu njo anasema."

Nilimwahidi. Ningewezaje kumweleza? Mama Nabintu naye alikimbia na hofu yake, naye aliwahi kuwapikia watu wenye bunduki, na alinisifia unene wangu kwa furaha ya kweli. Kule kwetu walioshiba namna ile tuliwajua walivyopata kushiba. Nililala usiku huo kwenye mkeka wangu wa zamani na mbavu zangu zilikuwa zimesahau ardhi.

Kwa sababu ya ile salamu nilianza kujifunza Kinyankore kwa bidii. Nilimwomba mwalimu wa hesabu, naye aliacha saluti zake nilipomweleza sababu, akanifundisha kila saa nne juu ya chai. Nilijifunza salamu zao, oraire ota ya asubuhi na osiibire ota ya jioni, nilijifunza kuomba radhi na kushukuru, na sentensi nzima niliyoipanga kwa wiki mbili, kwamba mimi si askari, mimi ni mtoto tu aliyekimbia askari kama wewe. Nilimwendea Kaaka asubuhi moja, nikachuchumaa mbali kidogo ili nisimfunike na kivuli, nikaisema yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya ulezi. Nilipomaliza alisema, "Ndiyo, afande." Nikamwambia webare munonga, Kaaka, asante sana, kwa niaba ya Mama Nabintu na kwangu. "Ndiyo, afande." Ikawa hivyo mpaka mwisho. Katika nyumba ile mimi nilimsemesha Kinyankore, na yeye alinijibu Kiswahili, hicho hicho kidogo alichokuwa nacho, na kila mmoja wetu alikuwa anajitahidi kwa moyo wote kumridhisha mwenzake.

Shuleni niliacha kuanza na amri. Nilianza na salamu, nyimbo, majina ya matunda. Mwenye shule hakujali, watoto hawakujali, na Shamimu aliendelea kuwa wa kwanza. Nyumbani nilimkataza asitamke neno la Kiswahili nje ya chumba changu, na jioni tulisoma kwa kunong'ona kati ya yale majora, mpaka hata mtihani wa kusoma kwa sauti aliufanya kwa kunong'ona na nikalazimika kumweleza mkuu wa shule kwamba mtoto ana mafua. Mwisho wa mwaka mwenye shule aliniomba nibaki, akaniahidi na nyongeza. Nilikataa, na hiyo ndiyo hatua pekee ya mwaka ule ambayo siionei haya, ingawa nayo niliichelewesha hadi mwaka uishe. Asubuhi ya kuondoka Hajji aliwaambia wote, pamoja na mama yake, kwamba mwalimu anarudi kwao na haji tena. Nilikuwa nafunga begi langu niliposikia mtu anaimba jikoni. Ilikuwa sauti ya kizee, imekauka kidogo kwa kutotumiwa, inaimba kitu cha harusi nadhani, polepole. Shamimu alikuja mlangoni akasikiliza, akasema, "Mwalimu, Kaaka anaimba," kwa uso wa furaha, kama kwamba ananiletea zawadi. Nilipitia mlango wa nyuma ili asinione akanyamaza.

Ijumaa ya kisomo nilifika Nyamityobora mchana. Hajji na wanaume wengine walikuwa nje chini ya turubai, lakini mimi niliingizwa ndani kumpa pole Hajati, maana walinihesabu mtoto wa nyumba. Hajati amezeeka, goti linamsumbua, lakini bado anagombeza watu. Sebule ilijaa wanawake juu ya mikeka, kando ya ukuta wamekaa vikongwe wawili rika la Kaaka. Shamimu siku hizi ni muuguzi. Alinikalisha kwenye kiti, mimi peke yangu, akaniletea chai, na kabla sijaionja akasema mbele ya watu wote kwamba nyumba ile haijui inishukuru vipi.

"Mimi? Kwa lipi?" nikauliza.

"Mwalimu, wewe hujui. Miaka ya mwisho Kaaka alikataa dawa. Alikataa kula, alikataa kuoga. Tulimbembeleza, baba akalia mbele yake, wapi. Nikakumbuka. Nikasema naye kwa Kiswahili, kwa ile sauti yako ya siku ile. Akameza mara moja."

"Kila asubuhi," Hajati akadakia. "Hii mtoto ndiyo alimweka mama yetu hai. Na Kiswahili yako, mwalimu. Mungu akulipe."

Wanawake waliitikia amina. Mmoja wa shangazi, anayejua kuchangamsha msiba, akasema, "Shamimu, hebu fanya tusikie." Wengine wakacheka kwa upendo, wakimkumbuka marehemu, wakamhimiza. Shamimu aliona haya kidogo. Kisha aliweka sinia chini, akasimama wima, na nikaisikia pumzi ile ya kabla ya neno. "Kaa chini!" akasema. "Fungua mdomo! Meza!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, lakini mtu wa kizuizi nilimtambua, alikuwemo mzima mzima. Sebule ilicheka. Wale vikongwe wawili wa kando ya ukuta hawakucheka. Walikuwa wamekunja miguu yao ndani ya kanga na kuinamisha vichwa, na mmoja mikono yake ilikuwa imeanza kuinuka kutoka mapajani.

Shamimu hakuwaona. Alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, anangoja, vile alivyokuwa akingoja darasani kila alipomaliza kusoma.

"Mwalimu, nimekosea mahali?"

"Hapana, mutoto wangu," nikamwambia. "Hata fasi moja."